Jagielloński ni ya nani?

Cheti kiko mezani. Mstari wa juu una maneno mawili tu: Uniwersytet Jagielloński. Mfasiri anautazama, anaona kazi ni nyepesi, anaandika "Chuo Kikuu cha Jagiellonia", anagonga mhuri, anafunga bahasha.

Hakuna mji unaoitwa Jagiellonia.

Wala mkoa, wala mto, wala nchi. Chuo chenyewe kiko Kraków, kusini mwa Polandi, na jina lake halitaji mahali popote. Linataja ukoo wa kifalme, ule ulioanza na mfalme Jagiełło. Mfasiri ameona neno refu la kigeni likifuata "chuo kikuu", akakumbuka Chuo Kikuu cha Nairobi na Chuo Kikuu cha Dodoma, mkono ukaenda wenyewe.

Kosa ni dogo, na cheti kitapokelewa hivyo hivyo. Lakini kwa wiki kadhaa limenikaa kooni kama mwiba wa changu. Kila ninapojaribu kuliandika sawasawa, Kiswahili kinaniuliza swali ambalo Kipolandi hakimwulizi msemaji wake: hii *jagielloński* ni ya nani, au ni ya ki-nani?

## Mtu kwanza

Jagiełło hakuwa Mpolandi. Alikuwa Mlithuania, kwao akiitwa Jogaila, mtawala mkuu wa nchi ambayo ilikuwa bado haijaingia Ukristo wakati majirani zake wengi wameshaingia. Mwaka 1385, kwa mapatano ya Krewo, alikubali kubatizwa na kumwoa Jadwiga, binti aliyekuwa ameshatawazwa Kraków mwaka mmoja kabla. Tarehe 15 Februari 1386 akabatizwa kwa jina la Władysław, siku tatu baadaye akaoa, na tarehe 4 Machi akavikwa taji.

Uzao wake wa kiume ulitawala Polandi na Lithuania hadi 1572. Mwanawe Kazimierz alipata watoto 13, na wanne kati ya wana hao wakawa wafalme, mmoja wao akiketi Prague, Bohemia, na kisha Buda, Hungaria, pia.

Jambo moja husahaulika. Jadwiga alifariki mwaka 1399, wiki chache baada ya kujifungua, na mtoto naye hakuishi. Wafalme wote tunaowaita wa ukoo huu walitoka kwa mke wa nne, Zofia wa Holszany, aliyeolewa mwaka 1422. Ndoa iliyounganisha nchi mbili haikuacha uzao. Ukoo ulizaliwa na ndoa nyingine.

## Neno lilivyoundwa

Tuanze na matamshi, maana hapo ndipo wengi huteleza mapema. J ya Kipolandi ni y ya "yai". Gie ni "gye". Ł yenye mkwaju ni w ya "wali". Kwa hiyo Jagiełło ni "Yagyewwo", mkazo ukiwa kwenye "gye". Habari njema kwa Mswahili ni kwamba Kipolandi nacho huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukisema "yagyel-LONY-ski" jinsi unavyosema "kitaNDAni", umeshawapita watangazaji wengi wa mpira.

Sasa tazama: jina lina ł mbili, kivumishi kina l mbili za kawaida. Na hiyo n imetoka wapi?

Imetoka kwenye Kilatini. Makarani walioandika nyaraka za ufalme hawakuwa na ł katika alfabeti yao, wakaandika *Jagello*. Halafu wakalinyambua jina hilo kama walivyonyambua jina la Cicero, msemaji wa Kirumi: Cicero, *Ciceronis*, Jagello, *Jagellonis*. Hiyo -on- ni mkia wa sarufi ya Kilatini ulioganda. Kipolandi kikaurudisha nyumbani kama *Jagiellon*, yaani mtu wa ukoo huo, wingi *Jagiellonowie*. Kisha kikaambatisha -ski, kiambishi chake cha kuunda vivumishi. N inapokutana na -ski hapo hulainika ikawa ń, sauti ya "ny" ya "nyanya" iliyokatwa kabla ya irabu.

Kutokana na safari hiyo kuna makosa mawili yanayojirudia. La kwanza ni *jagiełłoński*, la mtu anayejua jina la mfalme na kudhani anakuwa mwangalifu. La pili ni *jagiellonski*, bila alama juu ya n. Hili la pili huvumiliwa kwenye anwani za barua pepe, lakini kwenye hati ya kiapo ni kosa la tahajia.

Ukoo wa maneno wenyewe ni mkubwa kuliko ukoo wa wafalme. *Jagiełłowy* ni ya Jagiełło mwenyewe, yule mtu mmoja. *Jagiellończyk* ni mwana wa Jagiełło, na ndiyo lakabu ya yule Kazimierz wa watoto 13. *Jagiellonka* ni binti wa ukoo: Anna Jagiellonka, Katarzyna Jagiellonka aliyeolewa Uswidi. *Jagiellonia* ni nomino ya kubuni yenye mkia wa Kilatini. Na *jagielloński* ni ya ukoo mzima, tangu mzee hadi kitukuu.

Ingia Kraków leo umsikie mwanafunzi akisema *idę do Jagiellonki*. Haendi kwa binti mfalme. Anakwenda maktaba. Biblioteka Jagiellońska, inayohifadhi mswada ulioandikwa kwa mkono wa mwanafalaki Kopernik (Copernicus) mwenyewe, imefupishwa ikapewa jina lile lile la mabinti.

## Mkia unaogeuka

Mswahili hapati shida kuelewa upatanisho wa kisarufi. Tumezoea kiti changu, meza yangu, gari langu. Tofauti ni kwamba sisi tunageuza kichwa cha neno, Wapolandi wanageuza mkia.

Uniwersytet Jagielloński. Biblioteka Jagiellońska. *Arrasy jagiellońskie*, yale mazulia ya ukutani ya ngome ya Wawel. *Królowie jagiellońscy*, wafalme wa ukoo huo.

Huo mkia wa -scy ni wa wingi wenye wanaume ndani yake. Ukifikiria ngeli ya A-WA utakuwa karibu, lakini si hapo hasa, kwa sababu mabinti wafalme wakiwa peke yao huitwa *księżniczki jagiellońskie*, mkia ule ule wa mazulia. Kwetu angalau hata mbu ni "wa".

Kisha mkia hugeuka tena kwa kazi ya neno katika sentensi. Mwanafunzi wa chuo hicho: *student Uniwersytetu Jagiellońskiego*. Kusoma chuoni hapo: *na Uniwersytecie Jagiellońskim*. Mtu anayenakili jina kutoka katikati ya barua ya Kipolandi bila kujua hili huishia na "Chuo Kikuu cha Jagiellońskiego", kosa linaloonekana hata kwenye wasifu wa kazi wa watu makini. Dawa ni fupi: kabla ya kunakili, rudisha neno kwenye umbo la kamusi, lenye -ski, -ska au -skie.

Mpangilio nao una maana. Kivumishi kinachotaja aina ya kitu huja baada ya nomino, kama kwetu: *idea jagiellońska*. Kikitangulia, kinasikika kama sifa ya kupita.

Kuhusu herufi kubwa, kivumishi hiki huandikwa kwa herufi ndogo isipokuwa kikiwa sehemu ya jina rasmi. Fikra ni *idea jagiellońska*, chuo ni Uniwersytet Jagielloński. Tangu 1 Januari 2026 tahajia ya Kipolandi ina kanuni mpya, na hapa zinagusa jirani zake tu: *Jagiełłowy* sasa unaweza kuuanza kwa herufi kubwa au ndogo, na kiwanja kilichokuwa *plac Jagielloński* sasa ni *Plac Jagielloński*. Lakini *ulica*, yaani mtaa, imebaki ndogo. Usiniulize kwa nini mtaa umenyimwa heshima iliyopewa kiwanja.

## Chuo kilichoanzishwa na mwingine

Hapa ndipo nilipoanza kusitasita.

Jina likisema "cha ukoo fulani", mtu hudhani ukoo huo ndio ulioanzisha. Chuo cha Kraków kilianzishwa tarehe 12 Mei 1364 na Kazimierz Mkuu. Kazimierz huyo alikuwa wa ukoo wa Piast, tena mfalme wa mwisho wa ukoo huo Polandi. Mwaka 1364 Jogaila alikuwa bado mtoto huko Lithuania.

Kazimierz alipofariki chuo kilidhoofika. Aliyekifufua ni Jadwiga, aliyeacha wasia vito vyake viuzwe kwa ajili yake. Jadwiga naye hakuwa wa ukoo wa Jagiełło wala wa Piast kwa upande wa baba. Baba yake alikuwa mfalme wa Hungaria wa ukoo wa Anjou. Mwaka 1400, baada ya kifo chake, mumewe akakifungua upya.

Kwa hiyo mwanzilishi ni Piast, mali ni ya Anjou, jina ni la mume.

Na hata jina hilo halikuja wakati huo. Kopernik alipojiandikisha mwaka 1491, akitawala Kazimierz Jagiellończyk mwenyewe, hakuna aliyekiita chuo hicho "Jagielloński". Kilikuwa chuo cha Kraków, basi. Jina la leo ni la karne ya 19, baada ya Polandi kugawanywa mara tatu, 1772, 1793 na 1795, na majirani zake, Urusi, Prussia na Austria, hadi ikafutika kwenye ramani. Nchi haipo, bendera haipo, mfalme hayupo. Kilichoweza kubaki ni kivumishi, na kikachaguliwa kivumishi cha zama ambazo Polandi na Lithuania pamoja zilikuwa dola kubwa.

Ukilitazama hivyo, jina la chuo halisemi nani alikijenga. Linasema watu wa wakati fulani walitaka kukumbuka nini.

## Nyumba ya Mswahili, nyumba ya Kiswahili

Sisi tuna silaha ndogo ambayo Kipolandi hakina.

Nyumba ya Mswahili ina mwenyewe. Yaweza kuwa ghorofa la vioo Dubai. Nyumba ya Kiswahili ina korido katikati na vyumba pande mbili, na mwenyewe aweza kuwa yeyote. Tofauti nzima imebebwa na ki-. Bila ki- tunazungumzia mwenye mali au asili. Tukiweka ki- tunazungumzia namna, mtindo, desturi.

Kipolandi hutumia -ski kwa yote mawili. *Arrasy jagiellońskie* ni mazulia ya nani? Yaliagizwa na Zygmunt August, mwanamume wa mwisho wa ukoo huo katika kiti cha enzi, kwa hiyo ni mazulia ya Wajagielloni. Lakini yalifumwa Brussels, kwa mkono wa Brussels. Ukiandika "mazulia ya Kijagielloni" umempa msomaji picha ya ufundi wa Kraków ambao haukuwepo.

Na chuo? Si mali ya ukoo, si mtindo wa ukoo. Ni maana ya tatu: kwa heshima ya. Kiswahili rasmi kinajua kuitaja maana hiyo pale kinapotaka. Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kigamboni kimeitaja waziwazi. Lakini mazoea yetu pia yanaruhusu kuiacha, ndiyo maana "Chuo Kikuu cha Jagielloni" kinatosha, kama tunavyosema Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta bila mtu kudhani ni shamba la familia. Kinachoharibu ni ile -a ya mwisho kwenye "Jagiellonia", inayogeuza ukoo kuwa mahali.

Basi kivumishi kimoja, maana tatu: mali, namna, heshima. Mpolandi anapita katikati yake bila kugusa ukuta. Mfasiri wa Kiswahili lazima achague mlango.

Nilidhani hilo ni tatizo la wafasiri tu, hadi nilipofika kwenye siasa.

## Timu mbili

Njia fupi ya kuielewa siasa hiyo ni msimamo wa ligi ya mpira ya Polandi.

Kusini mwa nchi kuna Piast Gliwice. Ilianzishwa mwaka 1945, katika mji uliokuwa Gleiwitz wa Ujerumani hadi vita vilipokwisha, na Wapolandi waliohamishwa kutoka mashariki, ardhi iliyochukuliwa na Umoja wa Kisovieti. Serikali mpya ya kikomunisti ilikuwa ikiwaambia watu kwamba hapa hamkuvamia, mmerudi: hizi ni nchi za Wapiast, ukoo wa kwanza kabisa wa Polandi. *Ziemie piastowskie*. Kuipa timu jina la Piast mwaka huo, mahali hapo, ilikuwa kama kupigilia kibao cha umiliki.

Mashariki, karibu na mpaka wa Belarus na Lithuania, kuna Jagiellonia Białystok, timu ya 1920, rangi njano na nyekundu, mashabiki wakiiita *Jaga*. Knyszyn, mahali alipofariki Zygmunt August mwaka 1572, ni safari fupi kutoka hapo.

Piast walichukua ubingwa 2019. Jaga walichukua wa kwanza wao 2024, na magazeti ya kwetu yakaandika "Jagiellonia ya Białystok" kana kwamba moja ni wilaya ya nyingine. Kwa timu, jina liachwe lilivyo, Jagiellonia Białystok. Ni nomino kamili, haina haja ya "ya".

## Fikra yenye maana mbili

*Idea piastowska* na *idea jagiellońska* ni nguzo mbili ambazo Wapolandi wamezitumia kupima siasa yao ya nje kwa zaidi ya miaka 100. Kwa ufupi mno: ya Piast inatazama magharibi, inataka taifa la watu wamoja ndani ya mipaka iliyoshikana. Ya Jagielloni inatazama mashariki, inataka muungano au ushirika wa mataifa mengi, Lithuania, Ukraine, Belarus, dhidi ya Urusi. Baada ya 1918, Polandi ilipopata tena uhuru, mwanasiasa Roman Dmowski alisimama karibu na ya kwanza. Mpinzani wake Józef Piłsudski, kiongozi wa nchi, alijaribu ya pili, kwa bunduki na kwa mikataba, na ndoto yake ya shirikisho ikazimwa na mkataba wa Riga wa 1921.

Hadi hapo ni vitabu vya shule. Sasa uliza lile swali la ki-.

Je, *idea jagiellońska* ni fikra ya kuungana ki-Jagielloni, yaani kwa mapatano, kila nchi na sheria zake, kama ilivyokuwa? Au ni fikra kwamba nchi zilizokuwa za Wajagielloni zirudi chini ya Kraków na Warsaw?

Historia yenyewe haisaidii kuchagua, kwa sababu ilifanya yote mawili, tena kwa mkono mmoja. Mwaka 1413 huko Horodło, koo za wakuu wa Polandi ziliwapa wenzao wa Lithuania nembo zao, wakawa kama ndugu wa kunyonya. Sijui mfano mzuri zaidi wa kuungana bila upanga. Lakini nembo hizo walipewa Wakatoliki tu. Wakuu wa Kiorthodoksi waliachwa nje. Mwaka 1569 huko Lublin, bunge la pande mbili lilitia saini muungano uliodumu zaidi ya karne mbili. Lakini kabla ya saini, wajumbe wa Lithuania walipoondoka mkutanoni wakigoma, mfalme alizihamisha Podlasie, Volhynia, Bracław na Kiev kutoka Lithuania kwenda upande wa Polandi kwa amri yake. Wakarudi mezani nchi yao ikiwa imekatwa.

Mpolandi anayelipenda neno hili anakumbuka nembo. Mlithuania anakumbuka Podlasie na Kiev.

Na anakumbuka jambo la karibu zaidi. Oktoba 1920 jeshi la Polandi, likijifanya limeasi, liliiteka Vilnius, na Lithuania ikakataa uhusiano wa kibalozi na Polandi hadi 1938. Lithuania hata leo shujaa wa zama zile ni Vytautas, binamu wa Jogaila. Jogaila mwenyewe huko anatazamwa kwa jicho la pembeni, mtu aliyekwenda kuoa ugenini na kubaki huko. Na ukoo huo wanapenda kuuhesabu kuanzia kwa babu yake, Gediminas, kabla Kraków haijaingia kwenye hadithi.

Aliyelisema hili kwa Kipolandi, bila kupepesa, ni Juliusz Mieroszewski, mwaka 1974, katika jarida la *Kultura* lililotolewa na Jerzy Giedroyc huko Ufaransa uhamishoni. Hoja yake ilikuwa kwamba ni sisi Wapolandi tu tunaoamini fikra ya Jagielloni haina ubeberu ndani yake. Kwa Walithuania, Waukraine na Wabelarus ni ubeberu wa Polandi ulio wazi kabisa. Akawataka wenzake wakubali kwamba Vilnius ni ya Lithuania na Lviv ni ya Ukraine, wasizidai tena. Kwa watu waliozaliwa au kusoma katika miji hiyo, ilikuwa dawa chungu. Baada ya 1989 Polandi huru ilifuata takriban njia hiyo.

Ninavyoona, Mieroszewski alifanya kazi ya mfasiri. Alilichukua neno ambalo kwao lilikuwa maana moja, akalisikiliza kwa sikio la jirani, akakuta ni mengine.

## Meza ambayo neno halikuketi

Halafu nikaanza kutafuta kivumishi hiki kinatumika wapi rasmi kati ya nchi hizi, leo.

Ndani ya Polandi kipo tele. Mitaa ya Jagiellońska iko katika mji baada ya mji. Jengo kongwe la chuo, Collegium Maius, liko Kraków katika mtaa wa jina hilo, namba 15. Wachambuzi huandika *polityka jagiellońska* kila rais au waziri anapotazama mashariki. Rais Lech Kaczyński alipokwenda Tbilisi, mji mkuu wa Georgia, wakati wa vita vyake na Urusi, Agosti 2008 pamoja na viongozi wa Lithuania, Latvia, Estonia na Ukraine, neno hilo lilimfuata kama kivuli, wengine wakilisema kwa sifa, wengine kwa kejeli.

Lakini vuka mpaka.

Polandi, Lithuania na Ukraine zina kikosi cha pamoja cha kijeshi chenye makao Lublin. Kimepewa jina la Konstanty Ostrogski, jemadari wa Kiorthodoksi, Mruthenia, yaani wa watu ambao leo ni Waukraine na Wabelarus, aliyewatumikia wafalme wa ukoo huo na kushinda vita vya Orsha mwaka 1514. Julai 2020 nchi hizo tatu ziliunda jukwaa la ushirikiano, wakaliita Pembetatu ya Lublin. Jina la mji. Jina la mtumishi. Jina la ukoo halimo.

Papa Yohane Paulo II, aliyesoma chuo hicho hicho cha Kraków, alipowahimiza Wapolandi mwaka 2003 kuhusu kujiunga na Ulaya, alisema kutoka Muungano wa Lublin hadi Muungano wa Ulaya. Yeye naye alishika jina la mji.

Kuna maneno mazuri nyumbani ambayo mtu hayabebi anapokwenda kwa jirani.

## Kwa anayeandika kwa Kiswahili

Baada ya kuzunguka kote huko, hivi ndivyo ninavyoandika sasa.

Mtu binafsi ni Jagiełło, na ukiandika kwa upande wa Lithuania ni Jogaila. Usichanganye majina hayo mawili katika aya moja bila kusema ni mtu mmoja. Ukoo ni Wajagielloni, au ukoo wa Jagielloni, kama tunavyosema Mazrui wa Mombasa bila kuongeza mkia wowote. Alama za Kipolandi zibaki pale jina linaponukuliwa kwa Kipolandi. Likishavaa wa- au ki- limeshakuwa letu, litupe ł na ń.

Chuo ni Chuo Kikuu cha Jagielloni, na kwenye hati rasmi weka Uniwersytet Jagielloński kwenye mabano mara ya kwanza, kwa umbo la kamusi. Ongeza "Kraków", kwa sababu jina lenyewe halimwambii msomaji kiko wapi.

Kwa siasa, usiandike "fikra ya Kijagielloni" kwa mazoea. Soma kwanza anayezungumza ni nani. Akiwa mwanasiasa wa Warsaw anayesifu ushirika, ki- ni mwaminifu kwake. Akiwa mwandishi wa Vilnius anayelalamika, "fikra ya kurudisha enzi ya Wajagielloni" iko karibu zaidi na anachosikia. Neno la Kipolandi ni lile lile katika nukuu zote mbili, na msomaji wako atakushangaa umelitafsiri kwa njia mbili. Mwache ashangae.

Kuna kifaa kimoja kinachonishinda bado. Ndani ya Collegium Maius kuna tufe la dunia la mwanzoni mwa karne ya 16, dogo la kuenea kiganjani, mojawapo ya matufe ya kwanza kabisa yenye jina la Amerika. Fundi wake aliichora nchi hiyo mpya pia kwenye Bahari ya Hindi, mashariki ya Madagaska, upande wetu huku, akaandika kwa Kilatini kwamba ni Amerika iliyovumbuliwa karibuni. Linaitwa *Globus Jagielloński*. Si kwa sababu ni mtindo wa ukoo, wala si kumbukumbu ya mfalme yeyote. Limepata jina kwa chuo, kilichopata jina kwa ukoo, uliopata jina kwa mtu, aliyepitia kwa makarani wa Kilatini.

Nimeandika "tufe la Chuo Kikuu cha Jagielloni". Maneno matano kwa kivumishi kimoja.